Orijino ya nani? Jibu kwa dada wa dagaa, Kirumba

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi nauza dagaa Mwaloni, hapa Kirumba, Mwanza. Siku za mbalamwezi wavuvi hawaingii ziwani, biashara inalala, basi mimi na mzee tunabaki nyumbani Pasiansi tunaangalia muvi. Zamani tulikuwa tunaingiziwa kwenye flashi na vijana wa Makoroboi. Mwaka huu mwanetu aliyeko Dar katulipia moja ya haya majukwaa ya mtandaoni, tunaangalia kwa simu na siku nyingine kwenye televisheni. Nilijua zile walizoandika kwamba ni zao wenyewe, orijino, ndizo zitakuwa kali. Kumbe nyingi zinaanza kwa kishindo, halafu zinachosha. Maongezi hayasikiki, milipuko inaamsha majirani. Picha giza tupu. Ukishaipenda tamthilia unaambiwa haiendelei. Je, ubora wake ni mdogo kweli, au sisi ndio hatujui kuchagua? Na za kwetu mbona mpaka uzitafute kwa tochi? Mbalamwezi ijayo tuangalie nini? Tuna kijana wa kidato cha pili hapa nyumbani, kwa hiyo mambo ya aibu hapana.

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole na mbalamwezi.

Tuanze na hilo neno, maana ndilo lililokuponza. Mtaani kwetu "orijino" ina maana moja tu: kitu cha kweli, kinyume cha feki. Chaja orijino haichemshi simu, jezi orijino haichuji. Hata lile kundi la vichekesho lililohama kituo cha televisheni likajiita Orijino Komedi lilitaka tuelewe hivyohivyo, kwamba hao ndio wenyewe. Sasa ukakuta neno hilo limebandikwa juu ya muvi, ukategemea mali safi. Wenye majukwaa wanalitumia kwa maana nyingine kabisa. Wanakwambia kwamba haki ya kuionyesha muvi hiyo, kwa nchi uliyopo, ni yao. Ni habari ya umiliki. Ng'ombe akipigwa chapa hazidi maziwa.

Wala si lazima wawe wameitengeneza wao. Ile tamthilia ya Kihispania ya wezi waliovaa kinyago, La Casa de Papel, ilitengenezwa kwa ajili ya kituo cha Antena 3 cha Hispania na kuonyeshwa huko 2017, episodi 15 ndefu ndefu. Netflix wakaja kuinunua, wakaikatakata upya zikawa episodi 22 fupi, wakaipiga chapa. Misimu ya baadaye ndiyo waliyoigharamia wenyewe. Muvi ya kwanza ya jukwaa la mtandaoni kupata Oscar ya filamu bora, CODA, ambayo Apple walishinda nayo Machi 2022, ilikuwa imeshapikwa na kuonyeshwa kwenye tamasha la Sundance ndipo wakainunua kwa dola milioni 25. Chini ya chapa hiyohiyo utakuta walichoagiza tangu mwanzo, walichokinunua sokoni kikiwa tayari, na walichokodi kwa nchi fulani tu.

Wewe wa Mwaloni unalijua hili kuliko mimi. Gunia la dagaa hulinunui kwa kuangalia mdomo wake. Unapenyeza mkono mpaka kiwiko, unachota wa katikati, unawapekecha kiganjani; mchanga ukibaki kwenye mistari ya mkono unajua hawa walianikwa chini. Mdomoni mwa gunia dagaa wote ni wa kichanja.

Sasa huo mchanga wa katikati unatoka wapi? Nitakujibu kwa dhambi yangu mwenyewe.

Enzi za Bongo Muvi za diski nilikuwa nahariri hapa mjini, kwenye chumba kimoja Mabatini, kompyuta moja na feni moja. Vijana fulani wakaniletea muvi ya ndugu wawili wanaogombea mtumbwi wa marehemu baba yao. Niliikata ikatoka dakika 78, na mpaka leo naona ilikuwa imekaa vizuri. Msambazaji mmoja, jina lake halina kazi hapa, akaiangalia nusu, akasema ni tamu ila anataka sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Diski mbili, mteja analipa mara mbili. Biashara ya wakati ule ndivyo ilivyokwenda: muvi zetu nyingi ziligawanywa hivyo, na wote tulijua kwa nini. Dakika 78 zikawa zinatakiwa 120, na pesa ya kurudi kupiga picha nyingine hakuna.

Nikaanza kuchakura mabaki. Nikakuta steringi anapandisha na gari kwenda Capri Point. Mpiga picha alikuwa amesahau kuzima kamera, kwa hiyo nilikuwa na safari nzima. Gari inapanda mlima. Gari inafika getini, honi. Mlinzi anatoka, anachungulia, anafungua upande mmoja wa geti, anakumbuka wa pili. Gari inaingia. Steringi anashuka, anafunga mlango, anarudi kuchukua simu aliyoisahau, anafunga tena. Ngazi. Kwenye muvi yangu ya mwanzo kipande hicho kilikuwa sekunde 12. Kwenye muvi iliyouzwa kilikuwa dakika 3 na sekunde 40, na kinanda juu yake. Kuna banda la muvi pale Igogo nilipoketi nyuma kuangalia watu wanaichukuliaje, jamaa mmoja alitoka kwenda kununua karanga, akarudi, akauliza "Ameshaingia ndani?" Sikurudi kwenye banda lile.

Watu waliwalaumu waigizaji na waandishi, wakasema Watanzania hatuna ubunifu. Hakuna aliyeuliza diski zinauzwaje. Baada ya miaka mingi kwenye kazi hii ninachokiamini ni hiki: umbo la muvi hufuata mlango ambao pesa inaingilia. Ya sinema inaishi kwa tiketi, kwa hiyo inahangaika ikutoe nyumbani. Tamthilia ya televisheni ya Marekani yenye matangazo ilikuwa na dakika 42 au 44 ndani ya saa moja, na ilibidi kila baada ya muda mfupi kitokee kitu cha kukuzuia usibadilishe chaneli wakati wa tangazo la sabuni. Muvi yetu ya diski iliishi kwa idadi ya diski. Jukwaa la mtandaoni linaishi kwa malipo ya mwezi, na malipo hayo yanaingia hata ukilala usingizi katikati ya muvi. Linachokiogopa ni siku mwanao wa Dar atakapofuta malipo.

Mwanzoni hilo halikuleta ubaya. Hukutaja jukwaa lenu, kwa hiyo nitatumia zaidi mifano ya Netflix kwa sababu ndilo kubwa na lina kawaida ya kutoa hesabu zake. Lilianza 1997 kama duka la kukodisha diski kwa njia ya posta, likaanza kuonyesha kwa intaneti 2007. Tarehe 1 Februari 2013 likaachia House of Cards, episodi zote 13 siku moja. Waliagiza misimu miwili kwa mpigo bila hata kipindi cha majaribio, na gharama yake ilitajwa kuwa kama dola milioni 100. Wakati ule hakuna aliyewaheshimu, hivyo pesa ilikuwa inatafuta heshima. Mgeni mjini huvaa vizuri. Miaka ile mpaka 2019 hivi ilitoa kazi za kweli: Roma ya Alfonso Cuarón, nyeusi na nyeupe, lugha ya Kihispania na Kimixteki, steringi wake ni mfanyakazi wa ndani, na ilichukua Oscar 3 mwaka 2019. Nani mwingine angeinunua aisambaze dunia nzima?

Kisha kila mwenye kampuni akataka jukwaa lake. Kituo cha FX cha Marekani kilikuwa na utaratibu wa kuhesabu tamthilia za kubuni zinazotoka kule kila mwaka. 2010 zilikuwa 216. 2022 zikafika 599. Hebu fikiria mafundi mitumbwi wa Mwanza wote wakiambiwa ghafla watengeneze karibu mara tatu ya mitumbwi, kwa misumari ileile. Waandishi wakakodiwa kwa vikundi vidogo, wiki chache tu, wakaachishwa kabla kamera haijawashwa, hivyo mwandishi hayupo pale mwigizaji anapokwama na mstari. Hilo lilikuwa mojawapo ya malalamiko yaliyowafanya wagome kwa siku 148 mwaka 2023, kuanzia tarehe 2 Mei. Mwaka huohuo hesabu ya FX ilishuka hadi 516.

Sasa kuhusu kile kishindo cha mwanzo unachokiona. Kabla ya 2020, Netflix walihesabu kwamba umeitazama muvi kama umefika asilimia 70 yake. Mwanzoni mwa 2020 wakabadilisha: ukikaa nayo dakika 2, umehesabiwa. Baadaye wakahamia kwenye jumla ya saa, na tangu 2023 wanachukua saa zote wanagawanya kwa urefu wa muvi. Lakini fundi anajifunza kutokana na fimbo aliyopimwa nayo. Nikijua napimwa kwa dakika 2, ajali ya ndege naiweka dakika ya kwanza. Ndiyo maana unaona mtu anakimbia msituni na damu shati zima, halafu maandishi yanasema "wiki tatu kabla", na hizo wiki tatu unazimaliza episodi ya sita.

Kuna na jambo la simu. Waandishi kadhaa wa Marekani wamesimulia kwamba huelekezwa wamfanye mhusika atamke anachokifanya, ili mtazamaji anayechezea simu asipotee. Ukilijua hilo utaanza kulisikia kila mahali: "Sasa naenda kwa kaka yangu, yule tuliyegombana jana kwa ajili ya nyumba." Ni mchezo wa redio uliovalishwa picha za mamilioni. Siwalaumu sana, maana nawe nina hakika unaangalia huku unachambua dagaa. Lakini muvi iliyoandikwa kwa mtu anayechambua dagaa itamchosha siku atakapoweka ungo pembeni na kuiangalia kwa macho mawili. Nadhani hapo ndipo uchovu wenu unapotoka. Siku za mbalamwezi mna nafasi, mnaangalia kwa makini, na mnapewa vitu vilivyopikwa kwa watu wasio makini.

Kukatizwa kwa tamthilia nitapita haraka, maana hesabu yake ni fupi. Kila msimu unavyoongezeka waigizaji wanadai zaidi, wakati wateja wapya wanaoletwa na msimu wa tatu ni wachache kuliko walioletwa na wa kwanza. Wanaangalia pia ni wangapi waliifikisha mwisho ndani ya wiki chache za mwanzo. Wewe uliyepanga kuimalizia mbalamwezi inayofuata umechelewa kuhesabiwa. Afrika tulilionja mapema. Queen Sono ya Afrika Kusini ilitoka Februari 2020, ikiwa tamthilia ya kwanza ya kubuni ya Kiafrika kuagizwa na Netflix. Msimu wa pili ukatangazwa, na kabla mwaka haujaisha ukafutwa, korona ikitajwa kuwa sababu. Na kuna linaloniuma zaidi mimi kama mhariri: Mei 2023 Disney walizitoa kazi kadhaa zao wenyewe kwenye majukwaa yao ili kupunguza gharama, na Agosti 2022 Warner waliifungia kabatini muvi nzima ya Batgirl iliyokuwa imeshapigwa picha. Kijana wa Makoroboi anaiba, tusimrembe, lakini alichokuwekea kwenye flashi hakuna mtu wa California anayeweza kukifuta usiku.

Haya, sauti na giza. Hapa nakuomba radhi kwa niaba ya mafundi wenzangu, kwa sababu ubora haujapungua. Umezidi vyombo vyako.

Netflix wanataka maongezi ya muvi yakae kwenye wastani wa hasi 27 katika kipimo cha ukubwa wa sauti, na kishindo kikubwa kabisa kisivuke hasi 2. Sifuri ndiyo dari. Maana yake kati ya mtu anayeongea kawaida na bomu linalolipuka kuna nafasi kama ya desibeli 25, na kwenye chumba kimya chenye spika nzuri hiyo nafasi ni utamu mtupu: unasikia mtu anapumua, kisha unaruka kitini. Nyimbo unazosikiliza YouTube zinakaa karibu na hasi 14. Kwa hiyo ukitoka kwenye Bongo Fleva ukaingia kwenye muvi bila kugusa kitufe, maongezi yameshuka desibeli 13. Unapandisha sauti ili umsikie mama mzazi anayelia, ghafla helikopta inakuja na sauti ileile uliyoipandisha. Majirani wa Pasiansi wanaamka.

Tena mara nyingi sauti hizo zimechanganywa kwa spika sita, maongezi yakipewa spika yake ya katikati. Televisheni yenu ina mbili, tena zinatazama ukutani. Ingia kwenye orodha ya sauti wakati muvi inaendelea, uangalie kama kuna mstari wa lugha ileile usio na alama ya 5.1, yaani hiyo ya spika sita, uchague huo. Kama televisheni ina sehemu ya kusawazisha sauti usiku, iwashe. Kwenye simu dawa ni moja: visikilizi vya masikioni, kimoja chako kimoja cha mzee, kama wachumba.

Giza nalo lina habari kama hiyo. Rangi za hizi muvi hupangwa kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya skrini ya bei ya kiwanja cha Buhongwa. Nyinyi mnaangalia saa kumi jioni, pazia wazi, mwanga wa ziwa umejaa sebuleni, na simu imejipunguzia mwanga kulinda chaji. Juu ya hapo kuna bando. Netflix wenyewe wanasema ukichagua kuokoa data kwenye simu, GB 1 inakupa kama saa 6. Ukichagua ubora wa juu kabisa, GB 1 inaweza kuisha kwa dakika 20. Ili saa 6 zienee kwenye GB 1 lazima kitu kitupwe, na mashine huanza kutupa pale inapodhani jicho halitaona, yaani kwenye weusi. Ndiyo maana uso wa mtu gizani unageuka kuwa vigae vya kijivu vinavyotembea. Mwombe kijana wenu azishushe kwenye simu mahali penye Wi-Fi, kwa ubora wa juu wa kushushia, kisha muangalie usiku taa imezimwa. Nakuhakikishia nusu ya muvi ulizozitukana utaziomba msamaha. Nusu nyingine, hapana, ni mchanga kweli.

Umeuliza za kwetu. Hapa nina maneno mengi kuliko nafasi.

Netflix walitoa ripoti 2023 wakisema kati ya 2016 na 2022 waliweka kama dola milioni 175 katika utengenezaji kusini mwa Sahara. Ni pesa nyingi mpaka uziweke kwenye mizani. Milioni 125 kati ya hizo zilikwenda Afrika Kusini, 23 Nigeria. Na bajeti yao ya dunia nzima kwa mwaka mmoja tu, 2024, ilikuwa karibu dola bilioni 17, kwa hiyo fungu la miaka yote ile kwa eneo zima ni kama asilimia 1 ya mwaka mmoja. Amazon nao, Januari 2024, walitangaza kuacha kuagiza kazi mpya Afrika na Mashariki ya Kati. Tanzania tumepenya kwa upenyo. Binti ya Seko Shamte imeingia Netflix. Walt Mzengi Corey alikuwa mmoja wa vijana 6 wa Afrika walioshinda shindano la Netflix na UNESCO, kila mmoja akapewa dola 25,000 mfukoni na 75,000 za kutengenezea, na filamu yake fupi Katope ikatoka Machi 2023. Iangalieni, ni fupi kuliko kupika ugali na dagaa.

Ila nisidanganye kwamba tatizo lote ni pesa za wenyewe. Kijana mmoja niliyemfundisha kuhariri alipiga muvi Ukerewe, mapenzi ya abiria wawili wa kivuko cha kwenda Nansio. Picha safi, yule binti aliyeigiza unasahau kwamba anaigiza. Akaituma kwenye jukwaa fulani kupitia wakala, ikarudishwa, na barua ya sababu ilikuwa na mambo ambayo mtazamaji wa kawaida hawezi kuyaona. Walitaka mstari wa maongezi peke yake na mstari wa milio na muziki peke yake, ili waweze kuitia lugha nyingine. Yeye alirekodi vyote pamoja: sauti ya binti, injini ya kivuko, redio ya jirani, kitu kimoja kama uji. Halafu kulikuwa na wimbo wa msanii mkubwa kwenye tukio la kuagana. "Una karatasi ya ruhusa?" Hana. Angeanzia kwa msanii mwenyewe na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, miezi sita nyuma, leo ungekuwa unaiangalia. Sasa iko YouTube, na wanaomwandikia maoni wanamuuliza sehemu ya pili itatoka lini.

Kwa hiyo za kwetu nyingi mtazikuta Azam, kwenye chaneli za DStv za Kiswahili na YouTube, na si aibu kuzifuata huko. Nikiwa na saa moja tu na mama mkwe sebuleni, naweka tamthilia yetu yenye picha ya kawaida, ambayo mtu anapika, anasengenya na kuomba msamaha kwa namna ninayoijua. Mwanza tulishaonekana dunia nzima, kwa picha nzuri tu. Ile filamu ya Hubert Sauper ya 2004 kuhusu sangara na ndege za mizigo, ambayo mitaani tuliiita ya mapanki, iliteuliwa kugombea Oscar 2006, na mwaka huohuo Rais Kikwete akaikemea hadharani. Kama mhariri nakiri imekatwa kwa ustadi. Mama yangu aliuza samaki Kirumba miaka yote niliyosoma, na nilipoitazama sikumwona humo ndani wala mtu anayefanana naye.

Kuchagua, basi. Mimi huwa naanza kwa kuangalia ni episodi ngapi na kama hadithi imekusudiwa kuisha. Ile ya msimu mmoja iliyopangwa kufungwa haina sababu ya kuniwekea gari getini. Msimu wa kwanza wa kitu kipya nauacha uchache kwanza, na kama baada ya miezi michache hawajatangaza wa pili, sianzi. Kipimo changu cha mkono ndani ya gunia ni episodi ya pili. Ya kwanza imesukwa na kila fundi aliyekuwepo. Ya pili ndiyo inayoonyesha kama walikuwa na hadithi. Nikifika dakika ya 20 ya episodi ya pili na sijali nani anakufa, nazima bila huruma. Na kila inapowezekana nachagua lugha ya wenyewe na maandishi chini. Mkorea aliyetiwa sauti ya Kiingereza anakuwa feki kwa maana yetu ya mtaani. Squid Game, ambayo mwandishi wake alizunguka nayo karibu miaka 10 watu wakiikataa, nusu ya utamu wake uko kwenye sauti za wale waigizaji. Ila hiyo msimwekee kijana, damu yake ni nyingi.

Na mwambie mwanao wa Dar asilipe kila mwezi. Mengi ya majukwaa haya hayakulazimishi mkataba wa mwaka. Alipe mwezi mmoja, aruke miwili, vitu vizuri virundikane. Wewe hununui dagaa kila siku ilimradi soko liko wazi.

Mbalamwezi ijayo, kama jukwaa lenu ni Netflix, wekeni Adolescence. Ni ya Uingereza, ilitoka Machi 2025, episodi 4 tu na hadithi inafungwa. Mtoto wa miaka 13 anakamatwa alfajiri akishukiwa kumuua msichana wanayesoma naye, na unakaa na baba yake, mama yake, askari, mwanasaikolojia. Kila episodi imepigwa kwa kamera moja bila kukata hata mara moja, mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo mhariri kama mimi pale angekaa nje akinywa kahawa. Hakuna mtu wa kutamka anachofanya. Picha za aibu unazozihofia hazimo, ila maongezi ya mambo ya wakubwa yamo, hasa episodi ya tatu. Matusi yamo, na mzigo wa moyo ni mzito, kwa hiyo itangulieni nyinyi wawili kabla ya mwezi mpevu, kisha mwiteni kijana muianze naye upya. Ana umri ambao baada ya episodi ya tatu atakuwa na maswali, au mtakuwa nayo nyinyi.

Shusheni zote nne mapema, anzeni na kijana usiku wa mwezi mpevu, moja kwa usiku. Usiku wa tano mwezi utakuwa unachelewa kutoka, na pale Mwaloni watakuwa wameanza kuchaji betri za taa.